Mipapai ya Baba Iliyogoma Kukua

Mimi subira sina, na sijawahi kuwa nayo. Ndiyo maana baba alipong'oa safu sita za mibuni kwa ajili ya maneno yangu, sikutulia tena. Nilitaka kuona matunda, na niyaone upesi.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Chama cha ushirika kilichukua kahawa na kulipa kinapojisikia, na wanunuzi binafsi walikuja na mizani wanayoijua wao wenyewe. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi, nimepanga chumba mjini, Elerai, na kila Jumamosi nilipanda kwenda nyumbani, kwenye mteremko wa Mlima Meru juu ya Makumira. Kila Jumamosi namkuta baba anapalilia kahawa isiyomlipa. Nikamwambia, "Baba, mahoteli yanajengwa mjini na wageni wanakula mapapai kila asubuhi. Ng'oa huu upande wa chini tupande mipapai." Zamani kung'oa mbuni lilikuwa kosa la kukupeleka mbele ya mtendaji. Zilipita wiki tatu, kisha baba akang'oa.

Wazee wenzake walimcheka nje ya kanisa, mzee mzima kuongozwa na binti. Na huyu ndiye waliyekuwa wakimwita awapandie miche ya kahawa, kwa sababu miche yake haikufa. Baba hakuwa na cheo wala gari. Heshima yake yote ilikuwa kwenye ile mikono. Mimi ndiye niliyeipeleka kwenye mmea asioujua. Ukishindwa, aibu ilikuwa yake.

Mbegu nilinunua kwa mama mmoja Mchaga aliyekuwa na duka la pembejeo Lemara, hukohuko mjini. Mipapai yetu ya asili ilikuwa na balaa lake: unapanda kumi, mitano inatoka madume, maua tele, tunda hakuna. Mama yule akaniapia kuwa mbegu zake hazitoi mpapai dume hata mmoja. "Kila mche utazaa, mwalimu. Ukiona dume, nirudishie."

Nikaotesha kwenye vifuko vya plastiki kando ya baraza, na miche ikatoka mizuri. Mvua za masika zilipoanza nilikuwa darasani. Jumamosi nilipofika, baba alikuwa ameshapanda yote, mistari imenyooka, na yeye anatembea katikati, mikono mgongoni. Nilifurahi, nasema kweli.

Basi miche ikakaa. Mwezi, miwili, mitatu. Majani machache, ya njano, na mti haufiki hata gotini. Kwa jirani kulikuwa na mpapai uliojiotea wenyewe jalalani, nao ulikuwa umeshampita mtu urefu. Nilikuwa nikipita pale nageuza uso.

Nikahangaika mpaka nikawa kero. Mwalimu mwenzangu akasema ni njaa ya mbolea, nikamwaga samadi. Jirani akasema samadi mbichi inaunguza, nikaiondoa kwa mikono. Mwingine akasema ni kivuli, nikakata migomba miwili ya mama bila kumwuliza, akaninunia mwezi mzima, na ilikuwa haki yake. Nikaambiwa maji ya mfereji yana magadi, nikaanza kukinga ya mvua kwenye pipa. "Iache ipumue," baba akaniambia. "Unaisumbua kama mtoto anayemchokoza kuku aliyeatamia." Sikusikia. Kila nilipoiona ile miche namwona baba nje ya kanisa.

Mwishowe nikaona mkosaji ni mmoja tu, na yuko Lemara. Nilishuka asubuhi, nikakuta duka limejaa, na sikungoja litulie. Nilimtolea uvivu yule mama. Nikamwita tapeli, nikasema anawauzia wakulima makapi, nikawageukia wateja nikawaambia wakanunue kwingine. Wawili wakaondoka kweli. Yeye akaniuliza kwetu ni wapi, akasema Jumamosi atakuja kuiona hiyo mipapai kwa macho yake.

Akaja. Alipanda kwa miguu kutoka barabara ya lami, viatu mkononi. Akamwamkia baba, "Shikamoo, mzee," baba akaitikia na kumletea kigoda. Hakukaa. Akaomba jembe na ndoo ya maji, akachagua mche mmoja, akauchimbua taratibu na udongo wake, akausuuza.

Mzizi mkuu haukuwepo. Ulikuwa umekatwa kwa kisu, mkato safi kabisa, na pembeni vimezuka vizizi vyembamba visivyoweza kulisha kitu. Akachimbua wa pili. Vilevile.

Baba alikuwa amesimama nyuma yetu. "Mizizi usiitilie shaka, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua kazi yake. "Nilichana kifuko kimoja kimoja, nikakata ncha yote iliyojikunja. Hakuna hata mmoja niliouacha. Mimi nimepanda mibuni tangu kijana."

Mche wa kahawa hupandwa hivyo. Mpapai ukiukata mzizi mkuu, umeukata miguu. Yule mama alilijua hilo, na mimi nikalijua palepale kwa jinsi alivyoniangalia. Kisha akajifuta mikono kwenye kanga.

"Ni mbegu zangu, mzee," akasema. "Zilikaa sana dukani. Nisameheni, nitawaletea nyingine."

Baba akaitikia kwa kichwa, kwa upole. "Ndivyo mwanangu alivyosema."

Na mimi nikanyamaza. Nikamsindikiza hadi barabarani, na njia nzima natafuta namna ya kumwomba radhi. Tulipofika lami akavaa viatu vyake. "Mbegu nitaleta, mwalimu," akasema. "Ila safari hii nani atapanda?"

Miche mipya ilipokuwa tayari niliomba ruhusa kazini siku mbili. Lakini baba aliniwahi. Nilimkuta amechuchumaa shambani, kifuko cha kwanza ameshakichana.

"Baba, usikate."

"Kwa nini?"

Nikamweleza habari ya mzizi, na maneno niliyomtupia yule mama dukani. Nilieleza vibaya, kwa kurukaruka, kama ninavyofanya kila kitu. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo ile ya kwanza niliiua mimi."

"Ndiyo, baba."

"Na yule mama aliona?"

"Aliona."

"Na wewe?"

"Niliona."

Akapanda ule mche mzizi ukiwa mzima, akaushindilia udongo, akaenda kunawa. Alipotoka ndani alikuwa amevaa koti lake la kanisani. "Twende Lemara," akasema.

Dukani walikuwepo watu kama siku ile nilipomwita tapeli, pengine zaidi. Baba akavua kofia. "Mama, mbegu zako zilikuwa nzuri," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Mkono mbaya ulikuwa wangu."

Sijawahi kumsikia baba akisema neno baya juu ya mikono yake, si kabla wala baada. Yule mama akaanza kusema haina neno, mzee, haina neno, lakini baba alikuwa ameshanigeukia. Alisogea kando kunipisha, akangoja na kofia yake mkononi, na wateja wote wakangoja pamoja naye.