Siku Nilipohamisha Paa kwa Kuvizia

Nakumbuka siku moja ya mnada wa Mhunze, mwaka niliohama kwa baba, Mwingereza akiwa bado anatutawala. Keti nikusimulie, mwanangu, maana nasikia nyumbani kwenu hamsemezani, wewe na baba yako.

Baba yangu, Mzee Luhende, alikuwa mtu wa mipango, na mipango yote ilikuwa yake. Nilipokuwa Geita kwenye machimbo ya dhahabu aliniita nirudi, nikarudi. Akanichagulia mke (hapo hakukosea, Mungu amrehemu Kabula wangu), akanichagulia shamba la pamba, akanichagulia hata ng'ombe wa kukamua. "Samaki mkunje angali mbichi," alipenda kusema. Nami nilikuwa na miaka ishirini na sita na watoto wawili, samaki niliyekauka zamani!

Kwetu Usukumani kijana akishaoa hukaa kwa muda katika kaya ya baba yake, kisha hutoka akaanzisha yake. Muda wangu ulipita, misimu mitano ya pamba ikapita juu yake. Nilimwomba baba ruhusa mara tatu. Mara ya kwanza alisema nisubiri mvua. Mara ya pili akasema nisubiri mavuno. Mara ya tatu alitoka nje akaenda kutazama ng'ombe.

Nikaanza kujenga kuta ng'ambo ya kijito, mimi na Kabula, kila jioni tukitoka shamba. Kilichobaki ni paa. Siku zile msitu wa kwetu ulikuwa umefyekwa ili kuwafukuza mbung'o, fito zilikuwa adimu, na aliyehama alihama na paa lake. Nyumba zetu zilikuwa za msonge. Mtu akihama, vijana wa kijiji walikuwa wakiingia chini ya paa, thelathini au arobaini, wakalinyanyua zima na kulibeba kwa nyimbo mpaka kwenye ukuta mpya. Lakini kiongozi wao, nsumba ntale wetu, jina lake Jilala, alinikatalia. "Baba yako hajasema neno," aliniambia. "Akisema, tunakuja hata kesho."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilingoja siku ya mnada, baba akiwa amepeleka ng'ombe Mhunze, nikawaita rafiki zangu tisa niliochimba nao Geita. Vifua vyao vilikuwa vipana, na midomo mipana zaidi. "Sisi tuliobeba mawe, nyasi zitatushinda?" Tukalinyanyua paa la nyumba yangu ya kwa baba. Tulivuka uwanja, tukafika katikati ya njia ya ng'ombe. Mmoja akapiga yowe akishika bega lake, tukalitua palepale. Halikwenda mbele wala halikurudi nyuma. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kumbe vidole kumi navyo havibebi paa. Kijiji kizima kilikuja kututazama, na mama yangu akajifunika kanga usoni asione.

Baba alirudi alasiri na ng'ombe wawili waliokosa mnunuzi. Wakafika kwenye paa, wakasimama. Nilitamani ardhi inimeze. "Shikamoo, baba," nilisema. Hakuitikia. Alilizunguka paa lote, akavuta kamba moja, akavuta ya pili.

"Nani alifunga fito hizi?"

"Mimi, baba."

"Zimefungwa vizuri." "Kwa nini unahama kwangu kama mwizi, ng'wanone?" Ng'wanone ndiyo "mwanangu" kwa Kisukuma.

"Nilikuomba mara tatu."

Nilidhani atanicharaza fimbo mbele ya watu. Badala yake alimpa mama ile fimbo aishike. "Ni kweli," alisema, na kila mtu alimsikia. "Nilikusikia mara zote tatu. Niliogopa kaya yangu itabaki kimya. Jilala! Waite vijana."

Mwanangu, mzee mwenye zizi kubwa vile, kukiri kosa mbele ya vijana wasio na hata mbuzi! Nimeishi miaka mingi na sijaona ushujaa kama ule. Wala hakuishia hapo. Vijana walipoingia chini ya paa, naye akaingia. Walimsihi atoke. "Mtoto wangu anahama," aliwajibu, "nami nisimame nikitazama kama mpita njia?"

Paa lilipokaa juu ya ukuta, aliutazama mlango wangu. Nilikuwa nimeuelekeza kijitoni, si upande wa zizi lake. Nilimwona akifumbua mdomo, na nilijua vizuri anataka kusema niugeuze. Kisha akaufumba, akaomba maji ya kunywa. Nadhani lile neno alilolimeza lilikuwa zito kwake kuliko paa, na kwa hilo nilimpenda baba yangu kuliko siku nyingine yoyote. Mimi kwa watoto wangu nimejaribu kumwiga. Waulize, watakuambia nimeshindwa mara ngapi.

Sasa nisikilize. Kutaka kuwa na kwako si utovu wa adabu, kila anayekua hutaka kuwa na kwake. Lakini usiondoke kwa kuvizia siku ya mnada. Ukikataliwa mara tatu, omba ya nne, na uombe mbele ya wazee, wakusaidie kusema. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na baba yako akiwa amekosea, mwachie njia ya kurudi bila aibu. Mimi sikumwachia wangu, na siku ile heshima yote ilikuwa yake, sikubakiwa hata na kidogo. Baba yako naye nitamwona kesho, maana yapo na ya kwake ya kusikia.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie mahali pako, mvua ikupate kwa wakati, watoto wako wakue mbele ya macho yako. Na baba yako aje kwako mgeni, umpikie, ale ashibe, kisha arudi kwake usingizi umjie mapema.