Kiingereza cha Meza ya Unga

Mwezi uliopita mwanangu alinipeleka harusini huko juu, upande wa Kaptagat. Nilipoteremka kwenye gari nikajikuta nimesimama mbele ya nyumba niliyoijua tangu utotoni. Siku hizi ni hoteli. Wameipaka rangi na kutundika vitaa vya kila namna, lakini baraza ni lilelile la mbao, na baridi ni ileile inayomuuma mtu masikio saa nne ya asubuhi. Kijana wa hoteli akaniuliza kwa Kiingereza kizuri kama ningependa chai. Nilimwelewa kila neno, ila jibu lilinitoka kwa Kiswahili. Mwanangu akacheka. “Mama, na vile wewe hutusumbua na Kiingereza huko nyumbani!” Kila mtu ana mahali ambapo mdomo wake hukataa kumtii, rafiki yangu, na mimi mahali pangu ni hapo barazani.

Sisi hatukuwa wenyeji wa huko. Kwetu ni Maragoli, ambako mashamba yaligawanywa na kugawanywa hadi ndugu wawili wakawa wanaweza kuamkuana kila mmoja akiwa kitandani kwake. Baba aliposikia kwamba wazungu wa Sisibo, ndivyo Eldoret ulivyoitwa, wanatafuta watu wa kushika plau, alituchukua sote pamoja na nyanya yangu mzaa baba, tukaja. Alipata kazi katika shamba la ngano. Aliruhusiwa kujenga nyumba ya nyasi, kulima kipande, na kulisha ng'ombe wake kwenye majani ya bwana, alimradi yeye na mama wafanye kazi siku zote walizotakiwa. Nakumbuka moshi wa kuni mbichi za mkangazi mwitu, ugali wa wimbi na mboga ya mrenda aliyopika nyanya, na umande uliokuwa ukiturarua miguu tukienda kuteka maji. Nyanya alikuwa wa kwanza kuamka na wa kwanza kwenda mtoni, na akikukuta bado umelala, ulitamani ungezaliwa katika ukoo mwingine.

Nilipokuwa na umri kama wa miaka kumi nilipelekwa nyumba kubwa kuwa yaya wa mtoto mchanga wa bwana. Bwana mwenyewe alikuwa Mwingereza mrefu mwenye masharubu mekundu, na alikuwa na imani moja kuu kuliko ya kanisani kwake: Mwafrika hafai kujua Kiingereza. Karani mmoja kutoka mjini aliwahi kumwamkia kwa Kiingereza safi, kofia mkononi. Alifukuzwa arudi mjini kwa miguu, na kofia ikabaki matopeni. Sisi tulitakiwa kutumia kile Kiswahili chao kisicho na kichwa wala miguu. “Wewe toto, lete maji moto, pesi pesi!” Nawe ukijibu vizuri mno, kama watu wa misheni, ulitazamwa kwa jicho baya.

Memsab, mke wa bwana, alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa mwembamba, na kabla ya kuolewa alikuwa mwalimu huko kwao. Majirani wote wa karibu walikuwa Makaburu, wanawake wenye Kiingereza cha kuombea chumvi tu, na bwana akitoka shambani aliongea zaidi na mbwa wake kuliko na mkewe. Nilikuwa mdogo lakini upweke niliujua, maana na mama yangu alikuwa akiimba peke yake akipalilia. Siku moja Memsab alinikuta natazama picha katika kitabu cha mtoto, midomo ikicheza. Nilikuwa nimesoma kidogo misheni kwa lugha yetu kabla hatujahama. Nilidhani atanipiga. Badala yake alifunga mlango.

Masomo yalifanyika jikoni baada ya chakula cha mchana, mtoto akiwa amelala, bwana amerudi shambani, na mpishi ameenda kujinyoosha kwake. Hakuna karatasi iliyotumika. Memsab alimwaga unga wa ngano kwenye meza ya kukandia, akausawazisha kwa kiganja, akaandika kwa kidole. Nami nikaandika chini yake. Tukisikia viatu, mkono mmoja ulipita juu ya meza, na aliyeingia alikuta mama mzungu anamfundisha yaya kukanda mkate. Tulioka mikate mingi mwaka ule. Mibaya, mingine.

Kazi ngumu ilikuwa ulimi. Kuna sauti za Kiingereza ambazo lazima utoe ulimi kati ya meno, na Memsab alitaka nimtazame akifanya, kisha nifanye mbele yake. Sasa wewe niambie, mtoto wa Kimaragoli atamtolea vipi mtu mzima ulimi? Kwetu ungechapwa na mtaa mzima. Kila mara niliziba mdomo kwa mkono, naye akacheka mpaka machozi, akaushusha mkono wangu polepole. Alinisemea kila neno kwa sauti ya taratibu, neno moja moja, kama mtu anayepanga mayai. Alinieleza habari za mama yake, za dada yake, za mvua ya kwao isiyo na kishindo. Mwanzo nilishika neno hapa na pale. Kisha siku moja nikagundua kwamba nimeyaelewa yote, na nikaogopa. Nilimpenda Memsab, nikiri tu. Nilimpenda kama mtoto anavyompenda mtu mzima anayemngojea.

Nyumbani aliyejua ni nyanya peke yake. Hakufurahi. “Mjukuu wangu,” aliniambia akichochea moto, “mlango wa mtu ukifunguliwa kwa siri, hufungwa pia kwa siri.” Sikumwelewa.

Ilikuwa miaka ile ya hali ya hatari, wazungu wote walikuwa na wasiwasi, hata wa huku ambako hapakuwa na vita. Alasiri moja Kaburu wa shamba la jirani alikuja kunywa chai. Mimi nilikuwa barazani hapohapo nikisukuma kigari cha mtoto, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Wazungu wale walikuwa na desturi ya kuongea lolote mbele yetu, kama unavyoongea mbele ya kiti. Bwana akamwambia mgeni kwamba Jumatatu daktari wa mifugo na askari watakuja kukamata ng'ombe wa vibarua. Kila boma litaachiwa ng'ombe mmoja wa maziwa, wengine wote wapelekwe kwa wachinjaji, maana wanaleta magonjwa kwa ng'ombe wake wa kizungu. Akasema watu wasiambiwe lolote, wasije wakawaficha. Mgeni akasifu mkate.

Ng'ombe wa baba walikuwa mahari ya kaka yangu. Hakuna kingine tulichokuwa nacho duniani. Nilifika nyumbani nikihema, nikamweleza nyanya, naye akamwita baba nyuma ya nyumba.

“Umesikia wewe mwenyewe, ama umeota?” baba akaniuliza.

“Nimesikia, baba. Amesema kwa Kiingereza.”

Alinitazama kama mtu ambaye hajawahi kuniona. Kisha akasema, “Ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji,” kwa sababu shamba la ng'ambo ya mto walikuwa wamekwisha kunyang'anywa.

Baba alikuwa na rafiki Mnandi, mtu wa upande wa rizavu, ardhi waliyotengewa Waafrika. Huko kuna desturi nzuri ambayo hata sisi tunayo: unamkabidhi rafiki ng'ombe wako, yeye anakunywa maziwa, ndama wanabaki kuwa wako, na hakuna anayehitaji kuandikiana. Jumapili, wazungu wakiwa kanisani kwao, ng'ombe wetu waliondoka wamejazwa nyasi kwenye kengele zao. Kama wangeondoka wetu peke yao, labda mambo yangeishia hapo. Lakini Mmaragoli gani ataokoa ng'ombe wake aache wa shemeji yake? Na shemeji naye ana jirani. Jumatatu askari walipofika, karibu kila boma lilikuwa na ng'ombe mmoja mzee anayecheua, akiwatazama.

Bwana hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha. Kikulacho ki nguoni mwako, na hata wazungu wanalijua hilo. Alikuwa akihesabu ni nani waliokuwa barazani siku ile ya chai.

Kesho yake alasiri nilikuwa na kigari changu palepale. Memsab alikuwa akimimina chai. Bwana alikuwa akipaka siagi kwenye mkate, na bila kuinua macho, kwa sauti ya mtu anayeomba sukari, akasema kwa Kiingereza, “Nyanya ya huyu yaya amekutwa amekufa mtoni asubuhi ya leo. Bado hajaambiwa.”

Sijui nikueleze vipi. Asubuhi nilimwacha nyanya akifunga mtungi kwenda mtoni. Mikono yangu iliendelea kusukuma kigari, mbele na nyuma, wala si mimi niliyeiamuru. Mtoto alikuwa amevua soksi moja. Nikainama nikamvisha, nikachukua muda kuinyoosha, maana chini pale uso wangu ulikuwa umefichika kidogo. Nilijua wazi kwamba nikilia, baba hana kazi, hatuna nyumba, na pengine askari watataka kujua ng'ombe wako wapi.

Bwana akaja akasimama mbele yangu. “Wewe toto. Wewe nasikia Kingereza?”

“Hapana jua, bwana.”

“Nyanya yako iko wapi?”

“Iko nyumbani, bwana.”

Alinichungulia usoni muda mrefu, nikanusa tumbaku yake. Kisha akamgeukia mkewe, akamuuliza kwa lugha yao kama si yeye aliyenifundisha, jikoni kule, na mikate yake.

Memsab akacheka. “Nimfundishe huyu?” akasema. “Huyu ana akili ya kuku. Ningeanza na ng'ombe wako, wangejifunza upesi zaidi.”

Alisema kwa ile sauti ya meza ya unga, taratibu, neno moja moja, kila herufi mahali pake. Hakuna hata moja lililonipita. Bwana naye akacheka, akarudi kwenye kiti chake, akaomba chai nyingine.

Nilipewa ruhusa jua likielekea kuzama. Njia ya kwetu ilionekana yote kutoka barazani, na bwana alikuwa bado ameketi pale. Mwenda pole hajikwai, husema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kutembea polepole hivyo kumwendea maiti. Sikukimbia hata nilipoingia kwenye miti. Nilimkuta nyanya ameketi mlangoni akichambua maharagwe, mzima, akilalamika juu ya mawe yaliyomo. Nikaanguka mapajani mwake nikalia mpaka nikatapika. Maharagwe yakamwagika yote, na yeye, ambaye angekuchapa kwa punje moja, aliyaacha yalale hapohapo.

Hatukufukuzwa. Kaka yangu alioa kwa ng'ombe walewale. Ukimuuliza mtu yeyote wa nyumbani kwetu atakwambia mambo yaliisha salama.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, nilisimama jikoni kando ya meza kama kawaida. Memsab aliingia, akauona unga niliomwaga mezani, akaurudisha debeni. “Toto,” akasema, “wewe kwenda nje.” Tangu siku ile hakunisemesha tena Kiingereza, hata tulipokuwa sisi wawili na mtoto tu. Lete maji. Funga dirisha. Pesi pesi. Labda aliogopa, masikini, na alikuwa na haki ya kuogopa. Mimi niliumia. Jioni nilirudia maneno yake ya barazani, nikayageuza huku na huku, nikaanza kutunga swali. Nililitunga kwa Kiingereza, kwa sababu kwa Kiswahili cha pale nyumba kubwa halikuwezekana. Nililisahihisha nikisukuma kigari, na baadaye nikimfukuzia mtoto kwenye majani alipoanza kukimbia.

Kisha shamba likauzwa, wakarudi kwao. Asubuhi ya kuondoka bwana alikuwa ametangulia mjini na mizigo. Mpishi alikuwa nyuma ya nyumba na dereva, wanafunga sanduku la mwisho. Uani tulikuwa mimi na Memsab, na mtoto aliyelala begani mwake. Alivua glavu, akaninyooshea mkono, jambo ambalo sikuwahi kuliona likifanywa pale. Akaushika mkono wangu, akanitazama. Nafikiri alikuwa akingoja. Swali lilikuwa mdomoni tayari.

“Kwaheri, memsab,” nikasema.

“Kwaheri, toto.”

Shamba lile baadaye liligawanywa. Ngano imeondoka, ni mahindi na mabati hadi msituni, na baba, mama na nyanya wote tuliwazika Maragoli. Kile Kiswahili cha “pesi pesi” kimekufa pia, na sitakililia. Mimi nilikuja kuwa mwalimu, nikafundisha Kiingereza watoto wa watu mpaka nikastaafu, na wakaguzi waliniuliza mara nyingi nilijifunzia wapi matamshi yale. Memsab sasa hawezi kuwa hai, kwa umri wowote utakaompa. Swali langu lilikuwa fupi: ulisema vile kuniokoa, au ndivyo ulivyoniona? Halikuwa na kosa hata moja. Katika dunia nzima kulikuwa na mtu mmoja tu wa kulijibu, na nilimshika mkono nikamwacha aende.