Foleni Haihitaji Kibali

Wifi yangu ni fundi cherehani. Kama nawe una wifi, huhitaji maelezo zaidi. Kama huna, basi jua kwamba wifi ni mtu aliyeolewa na kaka yako bila wewe kuulizwa, kisha anakuja kukufundisha namna ya kukata vitunguu. Huyu wangu anashona sare za shule kwenye chumba kinachotazamana na saluni yangu, na barabara yetu ni nyembamba kiasi kwamba tukigombana hatuhitaji kuvuka. Mtaa mzima unamwita Fundi. Mimi nina majina mengine ninayomwita, ila haya ni maandishi, tuyaache.

Miaka miwili na ushee iliyopita, halmashauri iliifunga wodi ya wazazi ya zahanati yetu. Walisema ni kwa muda tu, wanakarabati. Ukarabati wenyewe ulikuwa kufuli jipya. Mwezi wa pili baada ya hapo mkwe wa Fundi, yaani mke wa mwanawe, alikuwa amemletea mama mkwe chakula cha mchana pale dukani, uchungu ukamshika. Gari hakuna, hospitali kubwa iko ng'ambo ya mji, na mtoto hakuwa na subira. Akazaliwa palepale sakafuni, juu ya mita kumi za kitambaa cha bluu. Mimi nilishika miguu, Fundi akapokea. Tuliwezaje sijui, maana mimi kazi yangu inaishia kichwani, huko kwingine si fani yangu.

Mtoto alilia vizuri tu, tena kwa kiburi. Mama yake ndiye aliyevuja damu mpaka midomo ikawa myeupe. Tukampakia kwenye mkokoteni wa muuza maji, tukasukuma hadi barabara kuu kutafuta gari la hospitali, Fundi akimwambia njia nzima, "Usilale, mwanangu. Ukilala nakuchapa." Alipona. Hakupona kwa hisani ya mtu yeyote mwenye kiti cha kuzunguka ofisini.

Kichaa cha Fundi kilianzia hapo.

Kwanza aliitisha maandamano. Alishona mabango mwenyewe, tena kwa pindo la mara mbili, kwa sababu kwake yeye bango lisilo na pindo ni aibu hata kama ujumbe ni wa kweli. Walitoka watu thelathini, hawakufika hata kona ya pili. Afande akawasimamisha: kibali kiko wapi? Mkusanyiko bila kibali ni kosa, tawanyikeni. Wengine walishaanza kukunja mabango, lakini Fundi akauliza kwa upole ule wake wa kuudhi, "Na foleni je, afande?"

"Foleni gani?"

"Ya kwenda dirishani kuuliza jambo."

Afande akakuna shingo. "Foleni haihitaji kibali, mama."

Masikini, hakujua amesema nini. Jumatano iliyofuata watu sitini walijipanga kwenye dirisha namba nne la halmashauri, mmoja nyuma ya mwingine, kimya, kama wanafunzi wanaosubiri sindano. Kila mmoja akifika anauliza swali moja tu: wodi inafunguliwa lini? Karani anajibu suala linashughulikiwa, anaandika jina kitabuni, anayefuata! Mara sitini. Yule afande alipelekwa kuwalinda, akachoka kusimama bure, mwishowe akaanza kuinyoosha foleni yenyewe na kuwakaripia wanaochomekea.

Halmashauri nayo haikulala. Ikabandika tangazo dirishani: lalamiko la wodi litafuatiliwa Jumatano tu, saa tatu hadi saa sita mchana. Ikipita Jumatano moja bila mfuatiliaji kusaini kitabu, lalamiko litahesabiwa limekwisha, na jengo litapangiwa matumizi mengine. Matumizi mengine kila mtu aliyajua: wakubwa walitaka ukumbi wa mikutano. Asiyekuwepo na lake halipo, ndiyo sheria waliyotunga, na wakaamini watu wa mtaa wetu hawawezi kushika jambo hata mwezi mmoja.

Kwa mtaa walikuwa sahihi. Kwa Fundi walijidanganya. Alichukua karatasi ya kukatia mitindo, akachora zamu za mwaka mzima, akaibandika ukutani juu ya cherehani. Hakukosa Jumatano hata moja. Siku aliyong'olewa jino alikwenda na pamba mdomoni, akauliza swali lake, karani akaandika kitabuni: "Mfuatiliaji amefika, hakueleweka."

Na mimi je? Mimi nilikuwa nacheka. Saluni ni mahali pa kucheka, na wifi ni riziki. "Wifi, hilo dirisha limekuahidi ndoa?" "Wifi, ukifika mbele utakuta watu wamezeeka!" Wateja wangu walikuwa wanashika mbavu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, nilikuwa nawaambia, na za wifi yangu zinahitaji dawa. Yeye hakunijibu zaidi ya neno moja kutoka ng'ambo ya barabara: "Njoo Jumatano." Sikwenda. Nitasema ukweli hapa kwa kuwa hakuna anayeniona: nilikuwa naogopa. Kila nikiwaza ile wodi naona ile sakafu, na nimegundua kuwa kitu ukikifanyia mzaha hakikupandi kifuani.

Sitini wakawa thelathini. Thelathini wakawa kumi. Mmoja ana mgeni, mwingine ana mguu, wa tatu ana mguu wa mgeni. Ulipotimia mwaka na nusu walibaki watatu: Fundi, muuza mkaa wa kona ya chini, na mzee mmoja tunayemwita Posta, kwa kuwa alisambaza barua maisha yake yote na sasa anasambaza habari za watu. Hata hao wawili walianza kuja wiki hii na kupumzika ile. Kitabu kilikuwa na saini, kwa hiyo hakuna aliyeona shida.

Basi ikaja Jumatano ya mvua. Si manyunyu, mvua hasa, ile inayopiga bati mpaka mnaongea kwa ishara. Nilikuwa namsuka mteja mmoja mwalimu, nimemaliza nusu ya kichwa, mara naona kaka yangu amesimama mlangoni, maji yanamchuruzika. Kaka yangu haingii saluni ila kuna msiba.

"Nani kafa?" nikamuuliza.

"Hajafa mtu. Njoo umwone mwenzio."

Nilimkuta Fundi kitandani, amejifunika gubigubi, uso ukutani. Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa tano na robo.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Leo Jumatano, wifi."

"Najua."

"Saa tano imeshapita."

"Saa nasoma mwenyewe." Akaendelea bila kugeuka, "Juzi nimeota nimekufa. Wakaniambia nijipange foleni. Nimechoka, wifi. Nimechoka mpaka kwenye mifupa. Hilo lalamiko na lifungwe, wajenge ukumbi wao, wanywe chai yao humo. Mimi basi."

Ilikuwa zamu yangu kushangilia. Miaka miwili nimemwambia aache, sasa ameacha. Badala yake nikapandwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto, na hasira yenyewe haikuwa juu yake, ilikuwa juu yangu mwenyewe. Kumbe muda wote ule nilikuwa nacheka kwa raha kwa sababu yeye yuko pale. Nyumba ikiwa na mtu mmoja aliye macho, wengine wote wanakoroma.

"Leo nani mwingine ana zamu?" nikamuuliza kaka.

"Posta na muuza mkaa. Watakuwa wameenda."

Sikuamini, nikapita kwa Posta. Nimemkuta barazani, kikombe mkononi, blanketi mabegani. "Mvua yote hii, mwanangu? Kwani Fundi hayupo pale?" Nikakimbilia kona ya chini. Muuza mkaa alikuwa anavuta nailoni juu ya magunia. "Aa, leo nimeshindwa, mkaa utaloa. Lakini si Fundi yupo?"

Si Fundi yupo! Mtaa mzima ulikuwa umechungulia dirishani, ukaona mvua, ukasema si Fundi yupo, ukarudi kukaa. Tulimzoea mtu mpaka tukamfanya nguzo ya umeme. Huyo Fundi mwenyewe alikuwa amelala akiutazama ukuta, na hakuna aliyejua, nami ninayeishi mbele ya mlango wake nikiwemo.

Nikakimbia. Mimi, mwenye mwili huu, na aproni, na chanuo limechomekwa nyweleni, na ndala zinazonirushia matope hadi mgongoni. Sikukumbuka hata mteja wangu. Nilifika dirisha namba nne zimebaki dakika nne. Ukumbi mtupu, sakafu imepigwa deki. Ndani, karani, dada mmoja mwembamba wa miwani, ameshashika pazia la chuma. Pembeni yake kasimama ofisa mmoja mwenye tai fupi, jalada mkononi, kidau cha wino kimeshafunguliwa, na muhuri uko tayari. Hata hakuona haya.

"Tunafunga, mama," akasema ofisa.

"Bado dakika nne, baba."

"Umekuja kwa ajili gani?"

"Nipo kwenye foleni."

Akachungulia nyuma yangu. "Foleni iko wapi?"

"Ndiyo hii."

"Mtu mmoja si foleni."

Kabla sijamjibu vibaya, mlango ukagonga, akaingia yule mwalimu wangu anahema, upande mmoja wa kichwa umesukwa vizuri, upande wa pili umetimka kama ameona jini. "Wewe mwanamke!" akaniambia. "Unaniachaje hivi? Mimi nina kikao saa nane!"

"Jipange nyuma yangu," nikamwambia. "Nitakueleza."

Walimu ni watu wa ajabu. Alijipanga.

Ofisa akabadilisha wimbo. Mfuatiliaji wa lalamiko hili anajulikana, akasema, ni yule fundi cherehani. Nikamwambia tangazo lao linasema mfuatiliaji, halijasema fundi cherehani. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyesoma sana, nina uhusiano gani na wodi ya wazazi.

"Andika mwanamke," nikasema. "Au kuna cheti kingine kinatakiwa?"

Karani aliinamisha kichwa juu ya kitabu, na mabega yalikuwa yanamcheza. "Swali lako, mama?"

Hapo ndipo mdomo wangu, huu mdomo ambao haujawahi kuniangusha, uliponiangusha. Swali la maneno matatu! Nimeliigiza mara ngapi saluni kwa sauti ya puani, watu wakaanguka kwa kicheko? Sasa halitoki, na mbele yangu sioni dirisha, naona ile sakafu na midomo ile myeupe ya yule binti. Nikalia. Nikalia mbele ya mtu mwenye tai fupi, makamasi na yote, wala sikuyafuta.

"Wodi inafunguliwa lini?"

"Suala linashughulikiwa," karani akasema polepole, akanigeuzia kitabu. Nikasaini. Mwalimu naye akauliza swali lilelile, akasaini, akasema kwa kuwa ameshaloa bora asiondoke mikono mitupu. Ofisa akakifunga kile kidau cha wino. Saa sita kamili.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Fundi nikitegemea kushukuriwa. Mjinga mimi.

"Nimesaini," nikamwambia.

Akaketi kitandani ghafla. "Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Nani alikutuma, nakuuliza!" Kandambili ikarushwa, ikapita kando ya sikio langu. "Nilikuwa nimeshamaliza! Nimelala leo, wifi, nimelala usingizi wa mtu, mara ya kwanza tangu yule mtoto azaliwe. Sasa umenirudisha palepale!" Akaanza kulia kwa kwikwi kubwa, na kaka yangu akatoka nje kuitazama mvua, ndivyo wanaume wa kwetu wanavyosaidia.

Mimi sijui kubembeleza. Niliketi kitandani na aproni yangu iliyoloa nikamwambia, "Lala basi. Jumatano ijayo ni yangu. Na ile nyingine. Ukionekana pale nakufukuza."

"Wewe huwezi."

"Kweli siwezi. Nitakwenda hivyohivyo."

Jumatano iliyofuata nilifunga saluni na kubandika karatasi mlangoni: anayetaka kusukwa anifuate dirisha namba nne. Nilikuwa nafanya mzaha, lakini walikuja wanne. Wiki ya pili Posta alikuja na aibu usoni, na habari ya Fundi kulala ilikuwa imeshasambazwa mtaa mzima, kazi yake hiyo. Watu walikuja wakiwa wameinamisha macho, wakiulizana kwa sauti za chini kama Fundi anakula. Wiki ya tatu muuza mkaa alileta dada zake. Wodi ina kufuli lake mpaka leo, nisije nikakudanganya, na ofisa wa tai fupi bado ana ndoto ya ukumbi.

Fundi hakutokea wiki hizo zote. Alishona, alilala mchana, alinenepa kidogo. Wiki ya saba nikamwona anaingia na mkoba wake, anakuja mbele moja kwa moja kwa mazoea, kama mwenye nyumba.

"Nyuma, wifi," nikamwambia. "Hii ni foleni."

Akasimama, akaitazama ile foleni, imetoka dirishani, imepita ukumbini, imeshuka ngazi, imekunja hadi ukuta wa nje. Hakubisha. Alipita mtu mmoja mmoja hadi mwisho kabisa, akajipanga huko juani. Zamu yake haikufika. Saa sita ilipogonga alikuwa amebakiza watu arobaini mbele yake, karani akashusha pazia la chuma, na Fundi akabaki amesimama pale bila kusaini, mara ya kwanza tangu aanze kufika pale.

Nikamfuata nikidhani atanirushia kandambili nyingine. Alikuwa anacheka mpaka amejishika kiuno.

"Wifi," akasema, "sijafika hata kwenye ngazi."