Betri kwenye Jamvi la Makopa

Nikianza na mihogo usinishangae, rafiki yangu, nitafika ninakokwenda. Kwetu Kitaya, kabla sijajua hata redio ni kitu gani, kazi yangu ilikuwa kulinda makopa ya bibi. Mihogo ikishamenywa inaanikwa kwenye jamvi mpaka ikauke, iwe myeupe, ukiigonga inalia kama kigae. Nikifukuza kuku upande huu, mbuzi wa watu huyo upande ule. Ule uchachu wake ulikuwa hautoki kwenye nguo.

Baadaye tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, na jirani yetu akawa mtu wa ng'ambo ya mto wa mpakani, amekimbia vita ya kwao. Huyo alikuwa na redio. Ndipo jamvi la bibi likapata wageni: betri, zimelala katikati ya makopa, zinaota jua zipate nguvu. Duka la kijiji lilikuwa halina. Bibi akasema anikeni tu, jua halina foleni. Zikichoka kabisa unaziuma kwa meno zibonyee, redio inakohoa, inaendelea.

Leo mjukuu wangu, yuko Magomeni hapa, simu ikipungua chaji kidogo tu ananuna. Sauti ya mtu anaisikia, akitaka anairudisha, anaisikia tena. Hiyo "tena" ndiyo inayoniuma.

Maana jirani hakutufungulia ngoma wala mpira. Alifungua jioni tu, kipindi cha watu waliopoteana, akimsubiri mkewe waliyepoteana naye njiani siku ya kukimbia. Vijana walimtania, "Mjomba, redio yako inataka uji hiyo!" Naye anajibu, "Uji kunyweni nyie. Yangu inashiba jua."

Sasa betri zile hazikuwa za redio peke yake. Tochi ya bibi ilikula hizohizo, na bibi alikuwa mkunga. Siku moja mke wa mwalimu akashikwa na uchungu, bibi akaenda kuziomba. Jirani akazichomoa mwenyewe.

"Chukua, mama. Mtoto hasubiri."

Mtoto akazaliwa salama, tochi imewaka mpaka alfajiri.

Kulipokucha bibi akazirudisha betri, zimechoka, na juu mawingu matupu. Jioni tumekaa barazani kwa jirani, mara mtangazaji akataja jina lake, na la baba yake. Akasema mkewe yu hai, anamtafuta, anaishi... Hapo sauti ikazama. Jirani akaipiga redio makofi, akachomoa betri, akaziuma moja moja mpaka midomo ikawa myeusi. Kimya.

"Kasema wapi? Jamani, kasema wapi?"

Mmoja alisikia Tunduru. Mwingine akaapa ni Nachingwea. Bibi alikuwa anazitazama betri tu.

"Baba, nisamehe."

"Yule mtoto analia vizuri, mama?"

"Analia."

"Basi."

Watu wakamwambia asubiri, huenda watarudia. Siku hizi redio naisikiliza peke yangu, kila mtu ana simu yake sikioni. Wakati ule jina la mtu likitajwa, mstari mzima wa nyumba unanyamaza.

Asubuhi jua likatoka. Jirani akaja na betri, akazipanga mwenyewe katikati ya makopa. Redio akaiweka mlangoni kwa bibi.

"Uzigeuze, mwanangu," akaniambia, "zisiive upande mmoja."

Akashika njia ya Tunduru kwa miguu. Nilizigeuza siku ile, na siku nyingine, mpaka zikavuja. Hakurudi.