Mtindi Wetu Ulivyoshindanishwa Mikumi

Mwanangu wa tatu alikuwa bado ananyonya niliposhawishiwa kuingia kwenye shindano la kampuni changa. Nasema nilishawishiwa kwa sababu mwenyewe sikujua kwamba nina kampuni. Nilikuwa natengeneza mtindi nyumbani kwangu Kilosa, basi. Maziwa nilinunua kwa mama mmoja wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia na ng'ombe wao upande wa Mvumi. Mumewe aliyaleta kila asubuhi kwa pikipiki. Niliyachemsha, nikayapoza, nikayatia mtindi kidogo wa jana yake, nikayafunika. Wateja wangu walikuwa walimu, manesi na wenye migahawa ya stendi.

Mmoja wa wateja hao alikuwa binti aliyefanya kazi kwenye mradi wa kusaidia wajasiriamali. Siku moja, akiwa na chupa mkononi, akaniambia, "Mama, hiki kitu ni cha kufika mbali. Mikumi kuna shindano. Nakuandikisha." Nikamjibu nina mtoto mdogo. Akasema mtoto si tatizo kabisa. Ningejua, ningemwambia ayaandike hayo maneno na ayatie sahihi.

Kumbe tatizo ndilo nililokosa. Nilipewa mshauri wa kunifundisha kwa simu namna ya kuwasilisha wazo langu, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, biashara yako inatatua tatizo gani?"

"Watu wanataka mtindi mzuri," nikamwambia, "na mzuri hapa haupatikani."

"Hilo ni dogo. Tafuta kubwa zaidi."

Nikatafuta. Nikaandika kuhusu wafugaji wanaomwaga maziwa kwa kukosa soko wakati wa mvua. Akasema hilo linakaribia, ila niongeze utapiamlo, vijana, mabadiliko ya tabianchi na ramani ya Afrika. Ramani ya Afrika! Mimi hata Dumila hapo jirani sijafikisha chupa. Nilikuwa nakoroga maziwa kwa mkono mmoja, simu kwenye bega, mtoto mgongoni, huku mtu ananiuliza ninajiona wapi baada ya miaka mitano. Nilijiona nimelala.

Siku ilipofika nilikwenda na mama yangu, ili anishikie mtoto. Mama amelelewa misheni kule Berega na amefundisha chekechea mpaka akastaafu, na mpaka leo huzungumza na watu wazima kama vile ni watoto waliochelewa namba ya asubuhi shuleni. Tulibeba deli lenye barafu na chupa za mtindi wa kuonjesha, tukafika kwenye ukumbi wa hoteli mapema kama tulivyoagizwa. Tulikuta viti vinapangwa. Binti wa mapokezi akatuambia "Mambo!" Mama akasimama palepale, hasogei, akimwangalia tu, hadi binti alipoelewa na kusema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tukae wapi?"

Tulikaa sana. Mgeni rasmi alikuwa njiani. Kila nilipouliza, alikuwa njiani. Jua likapanda, feni zikawa zinazungusha joto tu, barafu ikayeyuka nikasikia maji yanacheza ndani ya deli. Nilimwomba mhudumu aniwekee chupa kwenye friji, akasema friji ni la soda za wageni. Mama akachukua deli, akaenda jikoni, akarudi mikono mitupu.

"Umewaambiaje?"

"Nimewaambia ni maziwa na nina mjukuu. Yote mawili ni kweli."

Mgeni rasmi alipofika alihutubia kuhusu kutunza muda. Nilimtazama mama, mama akatazama dari.

Nilipoitwa, mchana ulikuwa umeenda. Kabla yangu alipanda kijana mwenye aplikesheni ya kutafuta ng'ombe waliopotea. Majaji walimuuliza soko lake, gharama zake, washindani wake. Nikapanda na slaidi zangu. Nilikuwa kwenye salamu bado, mtoto akaangua kilio kule nyuma. Anayejua kunyonyesha anajua kilichofuata: maziwa yalishuka bila kuomba ruhusa, blauzi ikalowa mbele ya ukumbi mzima. Mama hakusubiri. Alitembea katikati ya viti, akapanda jukwaani, akanipa mtoto na khanga, akashuka. Nikajifunika, nikamnyonyesha, kipaza sauti mkono wa pili.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Jaji mmoja alifuta machozi. "Mama shujaa!" akasema. "Watoto wangapi?"

"Watatu. Sasa, kuhusu maziwa—"

"Na unawezaje yote haya?"

"Mumeo analionaje hili?" akadakia mwenzake.

Nikajibu. Malezi ya nyumbani yalinifundisha mkubwa akiuliza unajibu. Wakauliza tena, nikajibu tena, kisha kengele ikalia. Mshereheshaji akaomba nipigiwe makofi kwa mara nyingine. Muda wangu ulikuwa umekwisha, na neno mtindi sikuwa nimelitamka.

Sijui ni uchovu au ni lile joto. Sikushuka.

"Samahani, waheshimiwa," nikasema. "Kijana aliyetangulia mmemuuliza soko. Mimi mmeniuliza mume. Mume wangu ni mzima, yuko kazini, anawasalimu. Naomba muda wangu nieleze biashara."

Mshereheshaji akacheka peke yake, akaacha. Jaji mkuu, mama wa makamo ambaye hakuwa amesema lolote tangu asubuhi, akasema, "Apewe muda wake."

Slaidi niliziacha. Nilieleza kwa hasira, haraka haraka: maziwa yanatoka wapi, kwa nini wakati wa masika hayafiki, kwa nini mtindi wa kiwandani ukifika Kilosa unakuwa umechoka na safari, na kwamba ninachohitaji ni friza moja kubwa na umeme wa uhakika. Ramani ya Afrika sikuigusa. Mama alikwishatoa chupa jikoni, anawamiminia majaji kwenye glasi za soda. Aliyeniuliza kuhusu mume alikunywa yote, akaomba aongezewe. Nilitamani kumnyima.

Nikawa wa tatu. Kijana wa ng'ombe alishinda, na alikuja kumwamkia mama vizuri, kwa hiyo sina neno naye. Zawadi yangu ilikuwa mafunzo ya biashara ya wiki kadhaa Dar es Salaam, chakula na malazi juu yao. Bwenini. Watoto hawaruhusiwi.

"Lakini mmeniona nina mtoto," nikamwambia mratibu. "Mmempigia makofi."

"Tunaelewa, mama. Ila utaratibu ndio huo."

"Nibadilishieni basi, nipate friza."

"Bajeti hairuhusu."

Nilihisi machozi yananijia, machozi ya hasira, yale mabaya zaidi kwa sababu watu huyadhania mengine. Ndipo mama akauliza, taratibu, kama anayeuliza njia, "Masharti yenu yanasema lazima aende huyu?"

Mratibu akaangalia karatasi zake. "Yanasema mwakilishi wa biashara."

"Mimi ndiye mwakilishi."

Nilidhani anatania. Hakutania. Wiki iliyofuata mama alipanda basi la Dar na sanduku lake na Biblia yake, akaniacha na watoto wote watatu, bila ule msaada wake niliokuwa nautegemea. Kila jioni alipiga simu, si kuuliza wajukuu, bali kuniuliza ninatupa mtindi kiasi gani kwa kuharibika, na kwa nini sijui hesabu yake.

Amerudi mtu mwingine. Husimama mlangoni mwa jiko langu na kusema "mteja lengwa." Alimwandikia jaji mkuu, wakasaidiana kupata mkopo wa friza kwenye kikundi cha wanawake, na hilo namshukuru. Lakini mwezi uliopita lebo mpya zilikuja kutoka Morogoro, nikafungua bunda, nikakuta picha yake, amevaa kilemba cha kanisani, anatabasamu.

"Mama, hii ni nini?"

"Walitufundisha bidhaa iwe na sura."

"Sura yangu je?"

Akaniangalia kwa huruma ya mwalimu wa chekechea. "Wewe, mwanangu, siku hizi umechoka sana."

Stendi sasa wanaagiza mtindi wa bibi. Mimi ndiye ninayeamka kuuchemsha.