Gogo Ndani ya Sufuria ya Msiba

Daktari aliniambia nitafute kitu cha kutuliza moyo, na kwa kuwa pombe alikuwa amenikataza dakika hiyo hiyo, nilinunua tangi la samaki. Likakaa sebuleni kwetu Ntinda, samaki wachache wakizunguka ndani ya maji matupu kama wageni waliokaribishwa nyumba isiyo na viti. Muuza samaki wa Kabalagala alikuwa na vipande vya mti vya kupambia ndani, vilivyoletwa kutoka ng'ambo. Nikakataa. Mtu anayeishi jirani na ziwa kubwa kama letu anunue mti uliopanda ndege? Nilikuwa na shahada mbili. Kijiti ningeokota mwenyewe.

Nikaokota. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, na kwenye ufuo wa upande wa Entebbe ziwa lilikuwa limetapika magugu, chupa na gogo moja zuri ajabu: limelambwa na maji hadi limebaki mifupa, lina matawi yaliyopinda kama mkono unaoomba kitu. Nililibonyeza kwa ukucha, halikubonyea. Maana yake halijaoza. Nikalisugua kwa brashi. Kilichobaki ni kulichemsha, kwa sababu mti wa ziwani usipochemshwa kwa muda mrefu huelea, huchafua maji kwa rangi yake, na huingiza wadudu kwenye tangi. Lakini gogo langu lilikuwa refu kuliko kila chombo cha jikoni kwetu.

Isipokuwa kimoja, nacho hakikuwa chetu.

Mtaa wetu una chama cha kuzikana. Wenyeji wanakiita munno mukabi, rafiki wa wakati wa shida. Mtu akifiwa, chama huja na mchele, kuni, makaa na mikono ya kupika. Sufuria yake kubwa ilikuwa ikikaa kwenye stoo yangu, kwa sababu stoo yangu ina kufuli imara na, nilipenda kuamini, kwa sababu mimi Mkenya wa kuja nilikuwa nimeaminiwa. Kanuni ilikuwa moja tu: haiguswi ila kwa msiba. Hata watu wa harusi walikuwa wameshanyimwa.

"Hiyo ni sufuria ya wafu," mke wangu alisema aliponiona naiburuta kwenda nyuma ya nyumba.

"Ni ya walio hai wanaozika wafu," nikamsahihisha.

Hayo ndiyo madhara ya kusoma sana. Unashinda mabishano ambayo ilikuwa heri ushindwe.

Nilichemsha Ijumaa, nikachemsha Jumamosi. Maji yakawa kama chai ya rangi. Jumamosi jioni nikaona konokono wadogo kwenye tawi lililochomoza nje ya maji, wazima kabisa, wananidharau. Nikatia dawa ya kuulia konokono, unga wa buluu niliouziwa kwenye duka la mbegu na dawa za shamba, nikaligeuza gogo na kuliacha lilowe. Simu nilikuwa nimeizima tangu mchana. Si niliambiwa nitulie?

Kwa hiyo sikujua kwamba mke wa jirani yetu alikuwa amefariki hospitalini siku ile. Jirani huyo ni afande mstaafu wa polisi, mtu wa kaskazini, mpole, anayesalimia hata watoto kwa kusimama wima. Habari nilizipata Jumapili asubuhi kwa kupigiwa geti na mwenyekiti wa chama, mama anayeuza mashuka soko la Owino, ambaye Kiswahili amejifunza kwa kubishana bei na Wakongo.

"Plofesa! Fungua! Tunataka sefulia. Watu ya afande wanaondoka na maiti saa sita, lazima wakule kwanza."

Mimi si profesa, lakini sijawahi kumkataza. Nilijaribu kumkalisha mbele ya nyumba. Akanipita, akafika nyuma, akachungulia ndani ya sufuria.

"Ssebo, bwana yangu," akasema, "na huyu ni nani amekufa?"

"Ni mti, mama. Wa samaki."

"Mti imekufa na hukutuambia? Tungekuja kulia." Hakucheka. Akayanusa yale maji. "Umetia kitu ndani?"

"Maji tu," nikasema.

Neno lilitoka laini kama salamu. Yeye akalitoa gogo, akamwaga, akasugua sufuria kwa majivu, akaisuuza kwenye bomba langu, akajitwika, akaenda.

Nilibaki nikijitetea mbele ya mahakama isiyo na hakimu. Majivu yanatosha. Dawa yenyewe ilikuwa kidogo. Konokono ni mdogo kuliko mtu. Nilikuwa bado najitetea nilipofika nyumba ya msiba na kukuta sufuria ile juu ya makaa mekundu, maji yameanza kuimba, na mwanamke amesimama kando yake na beseni la mchele uliooshwa.

"Usitie!" nikapiga kelele.

Nikamweleza mwenyekiti sikioni. Akawageukia wenzake akasema maji yamwagwe, zitafutwe sufuria ndogo za majumbani. Wageni walipouliza kwa nini chakula kinachelewa, akawajibu kwamba makaa yalikuwa yameingia maji. Hakunitazama alipokuwa akisema hivyo. Basi la kusafirisha maiti halikuweza kungoja. Njia ya kaskazini ni ndefu na huko kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Wazee wa ukoo wa afande walipanda na njaa zao. Wali uliiva wakati tumebaki sisi tu wa mtaani, ambao majiko yetu yalikuwa hatua chache kutoka pale.

Afande alinipa mkono kupitia dirisha la basi. "Asante kwa kuja, profesa."

Gogo nililichemsha upya ndani ya debe langu mwenyewe, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayefua nguo isiyokuwa na doa tena. Mwishowe likazama. Samaki walilipenda, wakalala chini ya matawi yake. Lilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nyumbani kwetu, nami nilikuwa nikikaa nimeligeuzia mgongo.

Aliyelitazama ni afande. Aliporudi kutoka kuzika alianza kuja kwetu jioni, ananywa chai mbele ya tangi bila kusema mengi. Jioni moja nilimsindikiza hadi getini, mwenyekiti akapita, akatusalimia. Afande akainamia viatu vyake. Nikamrudisha ndani, nikamwongezea chai, nikamuuliza kulikoni.

"Wale mama walinyima watu yangu chakula," akasema. "Ati makaa imeingia maji. Mimi niliona makaa, ilikuwa nyekundu. Miaka yote naishi hapa, kila msiba niko. Lakini mtu ya kaskazini akifiwa, makaa inaingia maji."

Nilikuwa nimefikiria njaa ya wale wazee mara nyingi. Hili halikunijia hata siku moja.

Nikamwambia yote: sufuria, gogo, unga wa buluu, na lile "maji tu". Alisikiliza macho yakiwa kwa samaki.

"Ni hii?" akauliza, akilionyesha gogo kwa kidole.

"Ni hilo."

Nilisubiri anitukane. Nilitamani anitukane. Lakini alikuwa polisi, akauliza swali jingine.

"Huyo mama anajua mimi nafikiri nini juu yake?"

"Nadhani anajua, afande. Humwitikii salamu."

"Na bado amenyamaza. Kwa sababu yako."

Akaweka kikombe chini, akaenda mlangoni kuvaa viatu. Alifunga kamba polepole, kama mtu anayejiandaa kwa gwaride.

"Vaa viatu, profesa."

"Tunaenda wapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Kwa mwenyekiti. Mimi nitaomba msamaha kwanza, halafu wewe utasema. Usisahau kutaja hiyo dawa."

Nilipomaliza kuvaa, alikuwa ameshafungua geti na kulishika wazi, ananingoja nitangulie.