Mama Severyn na Shimo la Rapivka

Yustyna Hrabar alizaliwa Rapivka, mji wa chumvi. Babu yake alimchimbia Kaizari chumvi, baba yake akawachimbia Wasovieti. Yeye aliendesha lifti ya mgodi, na hapo ndipo alipompata mumewe, Onufriy, aliyekuwa akichelewa kazini makusudi ili ashushwe peke yake.

Serikali ya Kisovieti ikaanguka, fedha za kuendeshea pampu zikakosekana, maji yakaingia mgodini yakaila chumvi. Chini kukabaki utupu, na juu ardhi ikaanza kudidimia. Banda la akina Danyliv lilizama na ng'ombe wao ndani. Watu wakahama. Onufriy alikuwa ameshakufa kwa ugonjwa wa mapafu, amezikwa kilimani, na Yustyna hakutaka kumwacha.

"Mama Severyn, unangoja shimo likupigie hodi?" nilimuuliza Yustyna, jirani yangu, siku moja tukimenya viazi.

"Likipiga nitalipikia chai. Wewe Malanka, mbona hujahama?"

"Nani atakula viazi vyote hivi?"

"Basi menya, acha mdomo."

Yustyna alikwenda kwa padri kuomba mumewe afukuliwe, azikwe kwingine kabla shimo halijafika kilimani. Padri akasema sharti kibali cha wilaya. Wilayani wakampa kibali, ila watu wa kufukua kaburi atafute mwenyewe. Atawapata wapi? Wanaume wote walikuwa Cheki na Poland wakiwajengea watu nyumba. Mwanawe wa pekee, Severyn, akamwahidi kwa simu: "Mama, Pasaka nakuja na wenzangu. Tutamhamisha baba."

Mvua za Machi zikamtangulia. Asubuhi moja tulisikia mngurumo, tukapanda kilima mbio. Nusu ya makaburi haikuwepo. Pale alipolala Onufriy palikuwa na maji ya kijani, na misalaba ya mbao ikielea. Yustyna hakulia. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akakitazama kama hajui ni cha nini.

Severyn alikuja Pasaka, peke yake.

"Mama, panda gari."

"Niende kufanya nini huko?"

"Kuishi."

"Haya," akasema, akapanda bila kuchukua hata sufuria.

Sasa yuko makao makuu ya wilaya, ghorofa ya tano. Mwanawe amerudi Cheki, na majirani hawamjui hata jina. Jumapili hunipigia simu kuuliza nani amebaki mtaani, nami humtajia. Juzi nilikuwa na jina moja tu, langu.

"Na wewe ondoka," akasema.

"Niende wapi?"

Akaniuliza kama viazi bado vipo.